Anwani Nilizochota Kwenye Vitabu vya Wageni

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, mambo. Mnanijua kwa mdomo. Leo nimesimama kuutumia kukiri.

Kikundi chetu cha parachichi kule Kilolo ndicho kilichonilea. Kwa hiyo waliponipa kazi ya kuwaandikia wanunuzi barua pepe, nikasema hapa nafia. Kompyuta sikusomea, nilijifunza kwa kubonyeza na kuharibu.

Kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, pale Mbeya, nikapita banda kwa banda. Kila banda lina kitabu cha wageni, si ndiyo? Jina, simu, barua pepe. Nasaini, halafu napiga picha kurasa zote. Nikarudi nyumbani, anwani zote zile nikazitumia barua moja, siku moja. Kimya. Nikakasirika, nikatuma tena kwa herufi kubwa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.

Ndugu zangu, nawaambia, kimya kile kilikuwa na meno. Hata mnunuzi wetu wa miaka yote, aliyekuwa anajibu kabla chai haijapoa, hakujibu. Matunda yamekomaa. Ukiingia shambani unasikia moja, pu, halafu jingine kule bondeni. Mama mmoja aliyeng'oa mahindi yake akapanda parachichi kwa maneno yangu akaniuliza, "Mwanangu, wamekufa hao watu?"

Nikamkunja katibu wetu shati mbele ya watu, kwamba anatuuza kwa kikundi jirani. Mzee wa watu akasema tu, "Taratibu, kijana, vifungo vyenyewe vimebaki viwili."

Katibu huyohuyo ndiye aliyenipeleka Iringa mjini, kwa dada mmoja anayetengeneza tovuti. Dada akampigia simu yule mnunuzi wetu wa miaka yote.

"Barua? Sijaona hata moja."

"Hebu fungua folda ya barua taka."

Akafungua. Zote zilikuwa humo, hata jibu la oda yake. Alishaagiza kwingine.

Dada akanigeukia. "Anwani ulizitoa wapi?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno.

"Kaka, wale walisaini kwa heshima tu. Hawakukuomba barua. Kila aliyebonyeza kwamba ni taka alikishtaki kikundi chako. Sasa mitambo ya barua pepe inawajua ninyi kama wasumbufu."

Adui niliyekuwa namtafuta ni mimi.

Tulifuta orodha yote. Dada akaiwekea anwani yetu utambulisho, mitambo ithibitishe kwamba barua imetoka kwetu kweli. Tukawapigia wanunuzi mmoja mmoja: tukuandikie? Waliokubali ni wachache. Tukaanza na hao, kidogo kidogo, na chini ya kila barua pana njia ya kujitoa. Ilichukua miezi ndipo zikaanza kusomwa. Msimu ule matunda mengi yalioza.

Dada, asante. Katibu, baba yangu, asante kwa kutoniacha.

Asubuhi hii watu watatu hapa wameniomba zile picha. Sigawi, na nimeshazifuta. Asiyekuomba umwandikie, usimwandikie. Mkibisha mkatuma, hamtaona kitu kibaya. Hamtaona kitu chochote. Ndivyo inavyoanza.