Kurasa Alizoshona Mama Marguerite Kalonda

Mama Marguerite Kalonda alizaliwa Lusangi, eneo la Kabambare, tarehe 14 Mei 1958, akiwa mtoto wa tatu wa mkulima Kasimu Kalonda na mkewe Asma. Nyumbani walisema Kibangubangu, sokoni Kiswahili. Kifaransa kilikuwa cha shule, na shule ilikuwa mbali.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967, baada ya uasi kupita na madarasa kufunguliwa tena. Siku hizo mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amtaje mwenzake aliyekosea. Marehemu alikivaa kuliko wote na hakumtaja mtu. Mwalimu alipomuuliza kama kweli hakumsikia hata mmoja, alijibu, "Mwalimu, masikio yangu iko nzito." Aliacha shule mwaka wa tano, baba yake alipofariki. Lakini herufi alikuwa amekwisha kuzichukua.

Mwaka 1975 alihamia Kasongo kwa dada yake, akajifunza cherehani. Alishona sare za shule kwa zaidi ya miaka arobaini. Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Michel Lumbu, seremala. Walipata mtoto mmoja tu, Alain, na watu wakamshauri Michel aoe mke wa pili. "Kelele ya huyu mumoja inanitosha," alisema. Waliishi pamoja mpaka Michel alipofariki mwaka 2011.

Mwaka 2019 Alain, ambaye ni mchimba dhahabu Salamabila, alifiwa na mkewe Dieudonnée. Akamletea mama yake watoto wawili, Malaika wa miaka minne na Yves wa miaka miwili. Ndani ya furushi la nguo za mtumba marehemu alikuta vitabu vitatu vya picha vya Kifaransa. Jioni aliwalaza wajukuu kwenye mkeka, akawasomea silabi moja moja. Walilala kabla mstari haujaisha, na hawakuelewa neno. Basi alifumua vitabu hivyo mgongoni, akashonea karatasi za mifuko ya saruji kati ya kurasa. Upande mmoja ukabaki Kifaransa. Upande wa pili aliandika Kibangubangu, kwa jinsi alivyokisikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kukiandika. Kila alipopata kitabu kingine alikifanya vivyo hivyo, mpaka vikawa kumi na vinne.

Wengi walimtaka aache. Mwalimu mmoja alimfuata nyumbani. "Mama, utaharibu watoto. Luga mbili usiku, asubuhi kichwa imejaa."

"Na wewe mwalimu, unasema luga ngapi?"

"Ine."

"Na kichwa yako haijapasuka?"

Mwaka 2022 Alain mwenyewe alikuja kuwachukua watoto wake. "Mama, hii luga itawapeleka wapi? Kule Salamabila hakuna mutu ananunua nayo hata chumvi."

"Siiuzishi," alijibu marehemu. "Katika nyumba hii kila mutu anasoma ukurasa moja mbele ya kulala. Leo ni zamu yako."

Alain alishika kitabu, akasoma Kifaransa vizuri. Alipofika upande wa Kibangubangu alikwama, akafunua haraka kurasa mbili. Yves, mwenye miaka mitano, aliinuka kwenye mkeka. "Papa, umeruka chui!" Alain alikuwa amekuja kwa siku mbili. Alikaa tisa, akarudi Salamabila peke yake.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 macho yake yalizima. Watu walisema, sasa ataacha. Hakuacha. Watoto walisoma, yeye akafunua kurasa, akipapasa uzi wake mwenyewe kwa kidole. Aliyefupisha hadithi alirudishwa mwanzo.

Alilazwa hospitalini hapa Kasongo tarehe 20 Februari 2025, akafariki Jumatatu tarehe 3 Machi, alfajiri.

Jana wazee wa ukoo walikutana, wakaamua vitabu viwekwe kwenye jeneza, kwa kuwa mtu huenda na kazi ya mikono yake. Walipokwenda kuvichukua, walimkuta Malaika ameketi juu ya kasha la vitabu. Shemeji wa marehemu, Baba Iliasi, alimwambia, "Mutoto, toka hapo. Hivi ni vya Koko, bibi yako."

"Koko anavijua vyote kwa kichwa," alisema Malaika. "Sisi bado."

Malaika alipoamriwa mara ya pili, Alain alikwenda akaketi kwenye kasha, kando ya binti yake. Wazee wakatoka bila vitabu. Jeneza mnaloliona mbele yenu lina mwili wa mama yetu, kitenge chake na rozari.

Ameacha mtoto mmoja, Alain. Wajukuu wawili, Malaika na Yves. Dada yake, Marie-Louise. Shemeji yake, Iliasi. Na sisi wajukuu wa dada yake.

Leo saa moja jioni, kwenye mikeka ya matanga, watoto wote waliokuja msibani watasomewa, kwanza Kifaransa, halafu Kibangubangu. Anayeona ni aibu kusoma hivyo penye msiba anaweza kukaa upande wa barabara. Alain ndiye ataanza.

Mungu ampe Mama Marguerite pumziko la amani. Kazi yake hatuiziki hapa.