Lugano Mwaisumo, Fundi wa Mgololo Aliyepiga Picha za Nyota

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa na kaka wa marehemu, Mzee Eliezeri Anyelwisye Mwaisumo, na inasomwa kwa niaba ya familia, na majina yametajwa kwa ukamilifu, yakiwemo ya wale ambao wangependa yasitajwe.

Marehemu Lugano Anyelwisye Mwaisumo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Masoko, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Anyelwisye Mwaisumo na Bibi Tusekile Mwakatobe. Alisoma shule ya misheni hapo hapo nyumbani, kisha akachaguliwa kwenda shule ya ufundi Ifunda, mkoani Iringa, alikohitimu kidato cha nne mwaka 1971, akisifiwa na walimu kwa mikono yake na kulaumiwa kwa ubishi wake, na vyote viwili alidumu navyo.

Mwaka 1985, baada ya kufanya kazi katika karakana mbalimbali za Mbeya, aliajiriwa kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha karatasi Mgololo, akatumikia vipindi viwili, kabla ya kiwanda kufungwa na baada ya kufunguliwa tena, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013. Kazi yake ilikuwa kunyoosha rola ndefu za chuma zinazopitisha karatasi, maana rola moja ikienda upande kwa unene wa unywele karatasi yote huchanika, na tangu hapo marehemu hakuvumilia kitu kinacholegea, iwe bawaba ya mlango au ahadi ya mtu.

Tarehe 5 Novemba 1983, huko Mafinga, alifunga ndoa na Bibi Violet Mgaya, wakajaliwa watoto wawili, Severina, mwalimu wa fizikia mjini Iringa, na Gideoni, dereva wa malori. Walijenga Uyole, jirani na mashine ya kusaga ya Bwana Jailos Mwalyego, na hapo ndipo historia hii inapoacha kuwa ya amani.

Mwaka 2017 Severina alimletea baba yake darubini, naye akaifungia kamera ili apige picha za nyota, lakini kile kipande kinachoshika kamera na kuisogeza mbele na nyuma hadi picha itulie, ambacho wenye kazi hiyo hukiita fokasa, kilikuwa cha plastiki, kikainama kwa uzito, na kila nyota ikatoka na mkia kama kiluwiluwi. Marehemu aliziangalia picha hizo, akamwambia mkewe, "Mama Severina, hii ni rola iliyopinda." Alitafuta mashine mbovu ya kutoa kopi kwenye mabanda ya soko la Mwanjelwa, akatoa humo fimbo ya chuma na bering ndogo, akaenda kwa fundi Liberatus Mgaya, shemeji yake, wakakereza fokasa mpya, ambayo mrija wake uliteleza juu ya bering na kuvutwa na ile fimbo kwa mkandamizo tu, bila meno, kwa sababu meno huacha nafasi na nafasi hutikisa picha.

Mwezi Julai 2021 marehemu akiwa Mwanjelwa, Bwana Jailos Mwalyego aliingia uani pamoja na watu wawili wa kikundi chake cha maombi, akaizungusha fokasa iliyokuwa mezani juu ya kitambaa cheusi, akaona mrija unapanda na kushuka, akasema, "Mashine yangu ina mkanda, baiskeli ina mnyororo, saa ina meno. Hiki kinasukumwa na nani?" Bibi Violet alimjibu, "Jirani, rudisha kitu cha watu," naye akasema, "Mama Severina, tunakuokoa wewe," wakaenda nayo, wakaichoma nyuma ya mashine kwa moto wa magunzi. Marehemu aliporudi aliiokota majivuni ikiwa imepinda, akasema neno moja tu, "Jailos, hata kuchoma hujui," na kuanzia siku hiyo hawakusalimiana.

Marehemu alitengeneza ya pili, bora kuliko ya kwanza, ikiwa na kishikio kidogo cha kusogezea polepole, na ilipokamilika Bwana Jailos alifunga taa kubwa kwenye paa la mashine, ikitazama uani kwa marehemu, akamwambia mtendaji kuwa ni ya wezi, huku akimwita marehemu njiani, "Malafyale, chifu wa nyota, leo umeona nini?" Kwa kuwa mwanga huo uliifuta mbingu yote, ilimpasa marehemu, akiwa na miaka sabini, kubeba darubini hadi Iringa, na huko, mwezi Agosti 2023, katika uwanja wa shule ya Severina, alipiga picha ya lile wingu jekundu lililo karibu na mkia wa kundi la nyota liitwalo Nge, na nyota zote zilikuwa nukta. Nakala moja ipo darasani kwa Severina, nyingine marehemu aliitundika kwenye geti lake Uyole, ikielekea mashine, na chini yake aliandika, Bila meno.

Mwezi Januari 2025 alianza kuvimba miguu, madaktari wakasema ni moyo, na alfajiri ya tarehe 6 Juni 2025 alifariki dunia hospitalini jijini Mbeya. Bwana Jailos Mwalyego alifika msibani akiwa na ndugu yetu Andendekisye Mwaisumo, wakashauri darubini izikwe na mwenyewe, chini ya miguu, isije ikafuata watoto. Familia inajibu kwamba ugonjwa ulikuwa wa moyo, kwamba darubini na fokasa yake vimo ndani ya gari la Severina, ambaye marehemu alimpa kwa mdomo wake mbele ya mama yake, na kwamba leo jioni vinakwenda Iringa kwa wanafunzi wake. Kwa kuwa kwetu ugomvi husemwa mbele ya jeneza, usije ukaota kwa watoto, Bwana Jailos anakaribishwa kusimama na kusema lake sasa, kabla ya udongo, na akinyamaza, basi anyamaze moja kwa moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa Mgololo waliosafiri usiku kucha, fundi Liberatus, na majirani wote wa Uyole isipokuwa mmoja. Huyo mmoja familia haimshukuru, inamwomba jambo moja tu, ambalo marehemu aliliomba kwa miaka mitatu, kwamba usiku wa leo azime taa.

Pumzika kwa amani, Lugano, na giza likuzunguke pande zote.