Bi Insaf Bishay, Fundi wa Lenzi wa Ibrahimia

Abuna, padri wetu, majirani wa Ibrahimia, wauzaji na mafundi wa soko la Attarine, jamaa wote mliokuja kumsindikiza mama yetu, mnaombwa mtulie msikie maisha ya Bi Insaf Bishay Girgis kama alivyoyaishi, si kama yalivyopendekezwa jana sebuleni, pale kaka yake, Mjomba Wadie, aliposema, "Andikeni mama wa nyumbani, inatosha, watu wana shughuli zao."

Marehemu alizaliwa hapa Ibrahimia, Aleksandria, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa pili wa Mzee Bishay, mpiga picha wa harusi, na Bi Matilda. Alisoma shule ya masista hadi mwaka 1980, akafaulu kwa alama za kumfikisha kitivo cha sayansi, lakini kiangazi hicho baba yake aliugua, duka lake la kutengeneza kamera huko Attarine likakabidhiwa Wadie, naye Insaf akaambiwa abaki amuuguze mzee, na ni pale kando ya kitanda alipofundishwa kufungua lenzi, kwa kuwa mikono ya mzee ilikuwa ikitetemeka na ya Wadie haikuwa na subira.

Unyevu wa bahari yetu mnaujua, huingia hadi ndani ya lenzi, ukungu ukatandaa juu ya kioo kama utando wa buibui, grisi ya zamani ikalegea na kugandisha vile vijani vyembamba vya chuma vinavyopunguza mwanga. Lenzi zilipokelewa dukani, zikapanda tramu ndani ya kapu, chini ya mafungu ya mboga ya mulukhiya, zikafika kwa mama. Kabla ya kugusa skrubu hata moja aliziba madirisha yote, akafungulia maji ya moto bafuni mpaka mvuke ukajaa, akasubiri mvuke utue na kushusha vumbi lote sakafuni, ndipo akaingia, kitambaa kichwani, akaketi kwenye kigoda na ubao magotini, akiosha vijani vile kwa benzini, kimoja kimoja, bila upepo wowote, maana punje moja ya vumbi ikinaswa kati ya vioo kazi yote inaanza upya.

Zikirudi Attarine, zilikuwa kazi ya Ustadhi Wadie. Alikuwa akimtania, "Wakijua ni wewe, dada, watataka uwape na sahani ya maharage," naye mama akamjibu, "Maharage ninayo tele, kaka, kinachokosekana ni jina langu," wakacheka wote wawili, na kati ya vicheko hivyo viwili kimoja tu ndicho kilichokuwa cha kweli.

Tarehe 8 Septemba 1991 alifunga ndoa na Bwana Lamei Tadros, dereva wa tramu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2013, wakajaliwa watoto wawili, Rafik mwaka 1994, na mimi, Nivin, mwaka 2002, tuliolelewa tukijua kwamba bafu letu si la kuogea mpaka mama aseme.

Mwaka 2018 watu wa televisheni walifika dukani, na mjomba, ili apendeze kwenye picha, akaifungua mbele yao, chini ya feni, lenzi ambayo mama alikwisha kuimaliza, akaifunga tena huku akitabasamu, kioo cha nyuma amekigeuza, upande wake uliotuna umetazama ndani badala ya nje. Wiki iliyofuata mwenye lenzi akaingia na picha za harusi, "Ustadhi Wadie, bibi harusi yuko wazi kabisa, lakini wa pembeni wote wameyeyuka, mama mkwe hana hata pua!" Mjomba akamjibu mbele ya wateja, "Niwie radhi, hiyo aliishika dada yangu Insaf, nyumbani, si unawajua wanawake." Hiyo ndiyo siku ya kwanza jina la mama kutajwa ndani ya duka lile. Mama aliifungua, akakigeuza kioo, akaifunga, akasema, "Zote nilizoziponya ni zake, moja aliyoiharibu ndiyo yangu."

Februari 2022 alianza kizunguzungu, akapauka, ngozi ikavilia damu bila kugongwa. Rafik alikuwa Kuwait, mimi nilikuwa kwenye mtihani, akapelekwa hospitali na kaka yake, na daktari alipouliza, "Mama anafanya kazi gani, anashika kemikali yoyote?" mjomba akawahi kujibu, "Hafanyi kazi, daktari, yuko nyumbani tu." Mama akanyamaza kulinda heshima ya duka. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akarudi kwenye bafu lake lililozibwa, akameza vidonge na kuvuta benzini mwaka na zaidi, hadi Mei 2023, daktari mwingine, Daktari Hala, alipomshika mikono, akainusa, akauliza, "Mama, benzini hii ya nini?" Uboho ulikuwa umekwisha kuchoka kutengeneza damu. Alifariki tarehe 9 Novemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Mjomba, umekaa mstari wa mbele, sikuombi uzungumze, leo ni zamu yako kunyamaza. Enyi mlioletewa lenzi safi kutoka Attarine tangu mwaka 1980, fundi wenu ndiye huyu aliyelala hapa, msimuage kama dada wa Wadie, muageni kwa jina lake.

Familia inamshukuru Daktari Hala kwa kuuliza na kusubiri jibu, wauguzi wake, majirani waliotuletea chakula bila kuitwa, madereva wa tramu wenzake baba waliobeba jeneza, na wewe Abuna kwa sala zako.

Insaf Bishay Girgis, fundi, mama yetu, pumzika sasa, madirisha yote ya nyumba tumeyafungua, acha vumbi liingie.