Mbao za Jikoni kwa Stamat

Benchi letu liko mbele ya jengo namba saba, hapa mjini Dryanovo, chini ya jiko la Stamat. Asubuhi tunakaa na chupa ya kahawa: mimi; Gencho, aliyeendesha winchi maisha yake yote, naye tunamwita Mhandisi; na Kuno, aliyekuwa akichanja ng'ombe, basi ndiye Daktari wetu. Stamat ni tarishi mstaafu. Vuli ile mkewe, Radka, aliondoka na hasira zake kwenda kwa binti yao, mjini Ruse. Ukuta wa jiko ulikuwa umeota ukungu, naye aliapa kwamba akirudi akaukuta vilevile, atageuka na basi lilelile. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na hakuwa anatania. Stamat akanunua mbao nyembamba za msonobari za kufunika ukuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, akashuka kutuuliza.

— Ukungu nimekwangua, dawa nimepaka, ukuta umekauka. Sasa nizipige za kusimama au za kulala?

— Za kusimama! — Mhandisi alidakia. — Mbao zikisimama, dari inapanda. Shemeji yangu wa Gabrovo alizisimamisha, ikabidi anunue ngazi ndefu zaidi ya kubadilishia taa.

— Mwongo wewe, — alisema Daktari. — Zilale. Ng'ombe aliyelala ana amani. Aliyesimama anakupiga teke.

— Sasa ng'ombe kaingiaje jikoni?

— Msonobari unapumua, bwana. Ukilala, harufu yake inatua kifuani. Mtu anaacha kukoroma. Akiinusa mwaka mzima, hata nywele zinarudi.

Tukakitazama kipara cha Daktari.

— Mimi kwangu nimepaka rangi tu, — alisema.

Nikaona na mimi nisipitwe.

— Stamat, zisimamishe, lakini usikatize mstari. Zizunguke jiko zima. Zikikatika, jicho la mwanamke linakwama hapohapo, na hasira inaanza upya.

Sijui nililitoa wapi neno lile. Lakini lilitoka vizuri, hata Daktari akaitikia kwa kichwa.

Siku tano tulisikia nyundo juu ya vichwa vyetu. Siku ya nne Stamat alishuka, kidole gumba kimefungwa kitambaa, nyusi nyeupe kwa vumbi.

— Umekula? — nilimuuliza.

— Mkate na jibini. Radka anapiga simu, sipokei. Nikisikia sauti yake nitabwabwaja yote.

— Unaogopa, eh?

— Naogopa, — alisema, wala hakuona haya. — Nyumba ile kimya sana.

Hatukumtania. Mhandisi alimmiminia kahawa, akajaza kikombe hadi ukingoni.

Jumamosi Radka akatokea na begi lake.

— Yumo?

— Yumo, shemeji.

Alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayetazama dimbwi la kuruka, akapanda. Daktari alivua kofia ili asikie vizuri. Mara kikasikika kilio.

— Kwisha habari yake, — Mhandisi alinong'ona.

— Sikiliza vizuri, we! Hicho si kilio cha hasira.

Dirisha likafunguka. Radka, mashavu yamelowa, alikuwa amemshika Stamat shingoni kama bwana harusi.

— Mmeona? Mtu huyu hajawahi kutundika hata picha! Zimenyooka zote! Jiko zima linanukia msitu!

Tukapiga makofi. Mhandisi akasimama kabisa kupokea pongezi.

— Na dari, shemeji? Haijapanda?

Radka alicheka, akarudi ndani. Tukasikia anagonga mbao: ngo, ngo, ngo. Akasogea, akagonga tena. Alipotokeza kichwa dirishani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

— Haya, nyie mnaojua kila kitu. Hapa chini ya dirisha palikuwa na kabati langu la ndani ya ukuta. Mitungi midogo thelathini ya pilipili hoho za kuchoma, chakula chetu cha baridi yote. Mlango wake uko wapi?

Stamat alinitazama mimi. Mhandisi akanitazama mimi. Daktari alikamata chupa, akaiinamisha juu ya kikombe, likadondoka tone moja.

Nikainuka kwenda nyumbani kuchukua msumeno.