Msinisome Nikiwa Kikombeni

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mlioacha palizi mkapanda mlima na mvua hii kuja kumsindikiza mwenzetu, historia hii inasomwa na mdogo wake, Stephano, lakini imesahihishwa kwa kalamu na marehemu mwenyewe akiwa wodini, maana hata tarehe hakuniamini nazo.

Marehemu Hyasinti Nombo alizaliwa hapa Kitura tarehe 17 Agosti 1972, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Nicholaus na mama Luisa. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, akajifunza ufundi umeme Songea kwa miaka miwili, na kuanzia mwaka 1992 akahudumia mitambo ya kukoboa kahawa Mbinga mjini, ambako alijulikana kwa kubishana na mizani.

Tarehe 3 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Aurelia, na Mungu akawajalia watoto watatu, Hilda, Elias na Stella. Msimamizi wa ndoa ile alikuwa Xaveri, rafiki yake aliyekuwa akipakia mizigo ya mabasi pale Kitai, na Elias alipobatizwa ni Xaveri huyohuyo aliyekuwa baba wa ubatizo, wakawa watu wa kula sahani moja.

Mwaka 2011 marehemu aliteremka ziwani, akaajiriwa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea ufukweni Kihagara, kazi ambayo wengi wenu mliicheka, mkiuliza bwawa la nini na ziwa zima liko mlangoni. Alitunza vihisi, yaani vijiti viwili vya kioo vinavyokaa ndani ya bomba, vikayaonja maji, vikakiambia kisanduku cha ukutani ni lini kimwage dawa na lini kiache. Vijiti hivyo hushika utando, na vikishika utando husema uongo, hivyo kila Jumatatu na Alhamisi alivisafisha kwa mswaki laini, akavichovya kwenye kikombe cha maji ya kupimia, ambayo kiwango chake kinajulikana, aone kama vinasema kweli, akavirudisha bombani, akaandika daftarini. Mwaka 2013 alimwombea Xaveri kazi palepale, akamfundisha yote hayo bila kumficha hata moja.

Tarehe 20 Desemba 2022 mama Luisa alifariki, na asubuhi ya tarehe 21, kabla ya kupanda kuja kumzika mama yake, marehemu alimkabidhi Xaveri vihisi vikiwa bombani, wote wawili wakaweka sahihi. Kesho yake, Alhamisi, Xaveri alivitoa avisafishe, akaviacha kikombeni, akaenda zake Mbamba Bay kwenye maandalizi ya Krismasi. Kisanduku kikaendelea kusoma maji ya kikombe, kikaona mambo ni shwari, pampu ya dawa ikalala siku nne hoteli ikiwa imejaa, na watoto saba wakaugua macho na masikio, mmoja wao akalazwa.

Kikao kilikaa tarehe 9 Januari 2023, Xaveri akasema alivikuta vihisi kikombeni, na daftari lilipofunguliwa karatasi ya Desemba 21 ilikuwa imechanwa. Wiki iliyofuata marehemu alifukuzwa kwa uzembe, na jioni ya siku hiyohiyo Xaveri alimpigia simu, mkewe Aurelia akisikia, akakiri kila kitu, akamwomba avumilie, kwa kuwa yeye ana watoto wadogo na marehemu ana shamba lake la kahawa. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa nguoni tangu siku ya harusi. Marehemu alinyamaza, asimvunjie heshima baba wa ubatizo wa Elias, na watu wakauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri, hata pwani yote ya ziwa hakupata tena bwawa la kutunza. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Agosti 2024 aligundulika na maradhi ya figo, akatibiwa Mbinga na Songea, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Sisi familia, kwa kuogopa kuwaaibisha watu, tulikuwa tumeandika kwamba aliacha kazi kwa hiari, naye alipousoma mstari huo akaufuta, akaniambia, mdogo wangu, msinisome nikiwa kikombeni. Baba Paroko ametusihi tusimhukumu mtu, nasi hatuhukumu, tunasoma alivyoagiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kitura, wanajumuiya, na wafanyakazi wenzake waliopanda kutoka Kihagara, akiwemo Xaveri, ambaye jana alichimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho akikataa kupokewa jembe. Tumeona, na ahsante. Ila marehemu hakuomba kaburi, aliomba karatasi. Daftari lake, alilotoka nalo siku ya kufukuzwa, analo mjane, halitazikwa, na mahali pa Desemba 21 bado pako wazi.

Pumzika kwa amani, kaka Hyasinti, vihisi uliviacha bombani.