Injinia Herlinda na Reli ya Kupanda Cruz Loma

Ndugu, majirani na nyote mliopanda kilima kuja kumsindikiza dada yetu: poleni kwa ngazi, na asanteni.

Injinia Herlinda Tenesaca Illescas alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 hapa hapa Cruz Loma, mtaa wa juu kabisa wa mji wetu wa Rumipata. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Segundo Tenesaca, mwashi, na Mama Balbina Illescas, msusi na muuzaji wa kofia za ukindu. Mimi Efraín ninayewasomea ndiye kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya masista kule bondeni. Ubishi alizaliwa nao. Sista mmoja alipomwambia kuwa wasichana huchora maua, alichora daraja, akaweka ua moja chini yake. Nyumbani alieleza, “Hilo ua ni la Sista, asije akanifukuza.” Mwaka 1980 alikwenda mji mkuu, Quito, kusomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1986.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Leonidas Pauta, mwoka mikate. Enzi za uchumba shemeji alikuwa akimpandishia kikapu cha mikate ya moto, akifika juu hana hata pumzi ya kubembelezea. “Kaa upumzike kwanza,” dada alimwambia, “uongo wako utausema baadaye.” Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 1990 aliajiriwa na idara ya usafiri ya mji. Reli ya kwanza ya tramu, treni ndogo ya mjini, ilipojengwa bondeni, kituo cha sokoni kilikuwa kazi yake, na alikosea. Alichora njia nzuri ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu. Siku ya soko la kwanza, akina mama wauza mahindi na mitishamba waliikalia yote, kwa kuwa ndipo pakavu na pana. Wakubwa walitaka kuita askari. Dada akakataa: “Mimi nimezaliwa na muuza kofia, nikasahau kwamba muuzaji naye anahitaji pa kukaa.” Aliketi nao mchana kutwa, kisha akachora upya, kila mmoja na nafasi yake.

Mwaka 2009 Mama yetu alipata kiharusi. Kila alipokwenda hospitali, majirani wanne walimshusha ngazi akiwa juu ya kiti. Siku moja akagoma. “Mimi si sanamu ya Bikira nizungushwe mabegani mwa watu,” alisema, wala hakushuka tena mpaka tulipomzika mwaka 2016. Jambo hilo lilimuuma sana dada yetu. Tangu hapo alikuwa na kazi moja tu: reli ya pili iliyokuwa ikipangwa ipande Cruz Loma, badala ya kunyooka bondeni kwenda kwenye maduka mapya.

Mheshimiwa mmoja wa baraza alimtania mkutanoni, “Mama Injinia, tramu haipandi ngazi.”

“Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nimeizungusha ubavuni mwa kilima. Nawe hupandi ngazi, mara ya mwisho ulituita sisi tushuke.”

Baraza likasema njia ya ubavuni ni nyembamba, na wakazi hawatakubali kusogeza nyua zao. Dada alipita nyumba kwa nyumba akiomba minga, msaragambo wetu wa tangu mababu. Jumamosi moja mtaa mzima ukatoka na majembe, kila mtu akabomoa ua wake na kuujenga upya hatua tatu nyuma. Shemeji alileta mikate, akina mama wakapika mahindi na nguruwe. Jioni dada alilia mbele za watu, na hakuwa mtu wa kulia.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Shemeji alimfichia ramani ili apumzike. Dada akachora kwenye karatasi za kufungia mikate. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, nyumbani kwake, mikononi mwa mumewe. Baraza bado halijapiga kura.

Marehemu ameacha mume, Leonidas. Watoto, Marisol na Fausto. Mjukuu mmoja, Amaru. Na wadogo zake, Rosendo, Digna na mimi.

Novena yake, sala za siku tisa, inaanza leo jioni nyumbani. Lakini siku ya tatu, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, baraza linaipigia kura reli ya Cruz Loma. Dada aliacha neno kwa kinywa chake mwenyewe: “Siku hiyo msinisalie nyumbani.” Kwa hiyo rozari ya Alhamisi tutaisali kwenye ukumbi wa baraza kule bondeni, kwa sauti, sote. Wasioweza ngazi tutawabeba, wasikatae; tuwabebe mara hii ili tusiwabebe tena.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani. Sisi tutapumzika kura ikishapigwa.