Chupa ya Pili ya Nyumba Kumi na Saba

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu ni kuandika namba ya nyumba yetu kwa penseli kwenye vibandiko vya chupa mbili ndogo za kioo. Yake aliijaza alfajiri ile, akaikabidhi kwa watu wa utafiti wa chuo. Mimi nilikuwa nimeshatoka msalani, nikasema kesho. Jioni moyo wake ukasimama. Kwa wiki tatu chupa yangu ilikaa rafuni, tupu. Jana nilirudi kijiweni, kwenye benchi mbele ya kinyozi, nikakuta mada ni utafiti uleule: chuo kinapima kemikali za plastiki kwenye mkojo wa mtaa mzima.

— Yangu wameikataa, alisema Kinyozi. Na chupa ya soda niliiosha mara tatu.

— Umewapelekea plastiki wapime plastiki, alisema Fundi Baiskeli. Ungetia na kwenye mfuko.

— Mfuko ulikuwepo.

Mama Kahawa alicheka hadi birika likatikisika.

— Nasikia wanachotafuta ni kama tone moja kwenye bwawa zima, alisema. Tone utalionaje?

— Mashine inaliona, alijibu Kinyozi. Ikishaliona, wanakukamua plastiki yote. Fundi na maji yake ya dumu atatoa ndoo mbili.

— Wanitolee na beseni. Mke wangu analidai tangu mwaka jana.

— Kinyozi atatoa viti sita na meza, alisema Mama Kahawa.

Nikajikuta nacheka.

Binti wa maabara akafika na kisanduku cha barafu. Alituamkia, akafungua daftari.

— Nyumba kumi na saba, chupa ya pili iko wapi?

Benchi zima likatazama vikombe.

— Iko kwangu, nilisema. Mwenye ile ya kwanza amefariki. Mliitupa?

— Pole sana, baba. Ipo kwenye friza. Ila tunapima kwa jozi, watu wa jiko moja. Ikikosa mwenzake tunaiondoa, na kesho ndiyo mwisho. Vyombo vya jikoni ni vilevile?

— Sijahamisha hata kijiko.

— Basi bado inafaa. Ukileta yako, na yake itapimwa, itatusaidia kujua vyombo gani watu waache.

Alipoondoka, Kinyozi alinigusa bega.

— Mwalimu, leo kunywa maji ya kutosha. Kwa glasi.

— Na shemeji asingekubali useme kesho tena, alisema Mama Kahawa.

Leo asubuhi niliijaza chupa kabla ya jambo lolote jingine, nikaishika kwa shingo ili nisifute penseli, nikatembea nayo hadi maabara. Nikaomba iwekwe kando ya yake.